Asili ya Neno "Clerk" na Mageuzi ya Maana Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano uliopita ililetwa hoja kwamba Chama chetu kipeleke ombi, ili jina la "karani", pamoja na lile la Kiingereza "clerk", liondolewe katika vyeo vyetu na mahali pake pawekwe jina jingine lenye heshima zaidi. Ndugu aliyeileta hoja ile alisema kwa uchungu, wala hatumlaumu. Alisema mwanawe aliulizwa shuleni baba yako afanya kazi gani, akajibu ni karani, na watoto wenzake wakacheka. Mkutano ukatuagiza sisi tulitafute neno lenyewe, lilikotoka na lilikopita, kabla ya kura kupigwa. Maana haifai mtu kumwaga chungu kabla ya kutazama kilichomo. Tumetafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, neno hili halikuzaliwa Uingereza. Waingereza walilipokea kutoka Kilatini cha Kanisa, na baadaye likatiwa nguvu na Kifaransa cha watawala waliovuka bahari mwaka 1066. Nao Walatini walilipata kwa Wayunani. Kwa Kiyunani, kleros ni kura: kijiwe, au kigae, au kijiti kinachotupwa ili ijulikane ni nani aliyepata na ni nani aliyekosa. Kisha likawa ni jina la kile kitu chenyewe mtu alichokipata kwa kura, yaani fungu lake, na hasa kipande cha ardhi. Wale kati yenu wasomao Matendo ya Mitume watakumbuka jinsi mitume walivyopiga kura ili kumpata mtu wa kushika nafasi ya Yuda, na kura ikamwangukia Mathiya. Neno lililoandikwa pale kwa Kiyunani ndilo hilo.

Basi jina la kura liligeukaje kuwa jina la mtu wa kazi? Katika Torati makabila ya Israeli yaligawiwa nchi, lakini Walawi hawakupata shamba, kwa kuwa Bwana mwenyewe alikuwa ndiye fungu lao. Wakristo wa kwanza wakalichukua wazo hilo. Jerome, yule mfasiri mkuu wa Biblia kwa Kilatini, alimwandikia kijana kasisi aitwaye Nepotian barua karibu na mwaka 394, akamweleza ya kwamba watumishi wa Kanisa huitwa clericus ama kwa sababu wao ni fungu la Bwana, ama kwa sababu Bwana ni fungu lao. Hiyo ndiyo maana ya kale. Ni mtu ambaye wenzake walipogawana mashamba, yeye hakupewa shamba, akapewa kazi. Tulipofika hapo, tukiri, tuliweka kitabu chini kidogo. Wangapi katika chumba hiki waliwaachia ndugu zao mihogo na migomba ya baba, wakaenda kuishi kwa kalamu katika mji wasiokuwa na hata shubiri moja ya ardhi?

Na tuendelee. Huko Uingereza ya zamani watu waliojua kusoma na kuandika walikuwa karibu wote ni watu wa Kanisa. Mfalme akitaka kuandikiwa hati, humwita mtu wa Kanisa. Tajiri akitaka kuhesabiwa mapato yake, vivyo hivyo. Ndipo neno "clerk" likaanza kubeba mizigo miwili, mtu wa dini na mtu ajuaye kusoma, na kwa muda wa karne nyingi hakuna aliyeona haja ya kuitenga. Mpaka leo Kiingereza kina alama ya mambo hayo, kwani neno lile lile "clerical" hutumika kwa ukosi mweupe wa padre na kwa kazi ya mezani ya afisi. Yule asiyekuwa "clerk" alikuwa na jina lake pia, nalo ni "lewd". Hapo kwanza maana yake ilikuwa mtu wa kawaida tu asiye wa Kanisa. Kisha ikawa mtu asiye na elimu. Kisha mtu duni. Na siku hizi ni mtu mwenye tamaa chafu. Maneno nayo hupandishwa cheo na kushushwa kama sisi, tena pasipo kuulizwa wala kupewa barua.

Mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliandika habari za mahujaji waendao Canterbury, na miongoni mwao yumo "clerk" wa Oxford: mwembamba, koti lake limechakaa, farasi wake amekonda, na fedha apewayo na marafiki hununulia vitabu. Huyo si karani wa afisi. Ni mwanafunzi wa elimu ya juu. Lakini mfuko wake mtupu twautambua.

Sasa tunafika mahali ambapo twapenda kukaa kidogo, kwa sababu hapa neno hili liliwahi kuwa tofauti ya kuishi na kufa.

Mfalme Henry wa Pili alitaka makasisi na watumishi wa Kanisa wakiua au kuiba wahukumiwe na kuadhibiwa kama watu wengine wote. Mwaka 1164 aliweka jambo hilo katika maandiko kule Clarendon. Askofu Mkuu Thomas Becket akakataa, akisema watu wa Kanisa wahukumiwe na Kanisa. Ugomvi wao ulidumu miaka, na tarehe 29 Desemba 1170 mashujaa wanne wa mfalme walimwua Becket ndani ya kanisa lake la Canterbury. Nchi za Kikristo zilishtuka sana. Mfalme akalazimika kulegeza kamba, na ikawa ada ya sheria kwamba "clerk" akishtakiwa kosa la kunyongwa, aweza kudai ahamishiwe kwa askofu. Na mahakama ya Kanisa haikuwa na adhabu ya kifo.

Lakini yupi ni "clerk"? Mwanzoni walitazama nywele zilizonyolewa utosini na mavazi. Hayo ni rahisi kuigiza. Baadaye wakatazama kusoma. Mshitakiwa aliletewa kitabu cha Zaburi mbele ya hakimu, akaambiwa soma. Mjumbe wa askofu akasikiliza, na akiridhika alijibu kwa Kilatini ya kuwa mtu huyu anasoma kama "clerk". Sheria ya mwaka 1351 ikasaidia kuupanua mlango, hata kila mwanamume ajuaye kusoma, ijapokuwa hakuwahi kushika hata ufagio wa kanisa, akahesabiwa kuwa ni "clerk" mbele ya hakimu. Aya iliyozoewa ni ile ya kwanza ya Zaburi ya 51, inayomwomba Mungu rehema. Watu wakaiita aya ya shingo, kwa maana ndiyo iliyookoa shingo na kitanzi. Na kama mjuavyo binadamu, wasiojua kusoma wakaikariri kwa moyo gerezani, ili wakifunguliwa kitabu waitoe kama maji.

Serikali ikaona ya kuwa mtu aweza kuua leo, akasoma, akaachiliwa. Kesho akaua tena, akasoma tena. Kwa hiyo mwaka 1489 ikaamriwa kwamba asiye kasisi wa kweli apate nafasi hiyo mara moja tu, na ili ajulikane achomwe kwa chuma cha moto kwenye kidole gumba, herufi M kwa aliyeua, na T kwa makosa mengine kama wizi. Mwandishi wa michezo Ben Jonson alimwua mwigizaji Gabriel Spencer katika pambano la panga mwaka 1598. Alisoma, akaokoka kamba, akabaki na chapa kidoleni. Wanawake hawakuwa na haki hiyo kabisa hata karne ya 17, hata kama walisoma vizuri kuliko hakimu; sheria ya 1624 iliwafungulia mlango kidogo kwa wizi mdogo tu, na haki kamili ilikuja mwisho wa karne ile. Ada hii ilivuka mpaka Marekani. Baada ya askari wa Kiingereza kuwapiga watu risasi mjini Boston tarehe 5 Machi 1770, wawili kati yao waliotiwa hatiani waliidai, wakachomwa vidole gumba, wakaenda zao. Huko kwao Uingereza sharti la kusoma liliondolewa mwaka 1706, na desturi yote ikafutwa mwaka 1827.

Twaomba mlifikiri jambo hili bila haraka. Kulikuwa na siku ambapo watu wawili waliotenda kosa moja walisimama mbele ya hakimu mmoja, na mmoja akaenda nyumbani na mwingine akanyongwa, na lililowatenga lilikuwa ni mistari michache ya maandishi. Hatusemi ilikuwa haki. Twasema hivyo ndivyo kusoma kulivyokuwa na bei.

Basi kwa nini jina likashuka? Kwa maoni yetu halikushuka kwa sababu ya uovu wa wenye kazi. Lilishuka kwa sababu kusoma kulienea. Kadiri shule na vitabu vilivyoongezeka, ndivyo aliyejua kusoma alivyoacha kuwa ajabu. Kasisi akapata jina lake la pekee, mwanachuoni naye akapata la kwake, na "clerk" akabaki mezani na daftari. Charles Lamb, mwandishi mashuhuri wa insha, alikaa miaka 33 akiandika hesabu katika nyumba ya Kampuni ya India mjini London, toka 1792 hata 1825. Na katika hadithi ya Dickens ya Noeli, ya mwaka 1843, yuko Bob Cratchit, karani mwenye watoto wengi na mshahara wa shilingi 15 kwa juma, anayeogopa hata kuomba kipande cha makaa ya mawe. Watu waliosoma hadithi ile walimhurumia Cratchit. Lakini kumhurumia mtu si kumheshimu.

Pigo kubwa zaidi, kwetu sisi watumishi wa Serikali, ni taarifa ya Northcote na Trevelyan iliyochapishwa mwaka 1854. Taarifa ile ilifanya mema mengi, kwa kuwa ilitaka watu waajiriwe kwa mtihani, si kwa kujuana. Ila pia iligawa kazi ya afisi mafungu mawili, kazi ya akili na kazi ya mkono wa kunakili. Toka hapo, polepole, wa juu akaitwa ofisa na wa chini akabaki na jina la "clerk". Mgawo huo ndio uliopakiwa melini ukaletwa Afrika ya Mashariki, na huku ukapakwa rangi ya ngozi: Mzungu ofisa, Mhindi na Mwafrika karani, kila mmoja na kipimo chake cha mshahara. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilisema wazi ya kwamba Mwafrika apewe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu hata kama kazi ni ile ile. Tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyoishauri Serikali kuiacha kanuni hiyo. Kwa hiyo mtoto acheka neno karani leo, naye hajui kwamba kicheko hicho ni cha zamani kuliko baba yake. Hata hivyo, Waafrika watumishi wa Serikali ya Tanganyika walipoanzisha chama chao Tanga mwaka 1922, kwa uongozi wa Martin Kayamba, aliyekuwa karani, hawakungoja wapewe jina zuri kwanza ndipo waseme.

Tumesema habari za "clerk" tu. Je, "karani"? Wengi hudhani ni tafsiri tuliyopewa na Wazungu. Sivyo. Neno hili lilikuwa baharini kabla Mzungu hajaizunguka rasi ya kusini mwa Afrika. Ni la pande za India na Uajemi, nao Wamalai hata leo husema "kerani". Ibn Battuta, msafiri wa karne ya 14, alipotoka Kilwa alisafiri kwa chombo mpaka Dhofari, pwani ya Uarabuni. Asimulia ya kuwa chombo kikiingia bandari ile, watumwa wa Sultani hukiendea kwa sambuku wakichukua mavazi ya heshima kwa watu watatu: mwenye chombo au wakili wake, nahodha, na karani, ambaye ni mwandishi wa chombo. Nao watatu huletewa farasi, wakapanda na kwenda kwa Sultani huku ngoma na tarumbeta zikilia mbele yao. Kumbe katika karne moja, karani wa Bahari ya Hindi alipanda farasi wa Sultani, na yule wa Chaucer alikuwa na farasi aliyekonda!

Miaka mia mbili na zaidi baadaye, katika kitabu kikubwa cha taratibu za ufalme wa Akbar kule India, Abu'l-Fazl anaorodhesha watu wa merikebu na kazi zao. Karani yumo. Kazi yake ni kuandika hesabu za chombo na kuwagawia abiria maji ya kunywa. Ndugu zetu, kwa nini maji apewe karani, asipewe baharia mwenye nguvu? Kwa sababu maji baharini ni uhai, na uhai ukigawiwa bila kuandikwa, wenye nguvu hunywa na wanyonge hufa. Twaona hii ndiyo sifa bora ya kazi yetu tuliyopata kuikuta katika kitabu chochote, na aliyeiandika hakukusudia kumsifu mtu. Baadaye neno hilo nalo lilishushwa kule Bengali chini ya Waingereza, likawa jina la kudharau wanakili na jamaa zao. Historia yafanana.

Hata hivyo jina halijafa mahali pa heshima. Katika Bunge la Uingereza mkuu wa watumishi wa kila nyumba huitwa "clerk" hata leo, na cheo cha yule wa nyumba ya Makabwela kina orodha ianzayo na Robert de Melton, aliyewekwa mwaka 1363. Wenzetu wa Kenya husema Karani wa Bunge, wala hakuna acheka. Katika mahakama kubwa ya Marekani mwanasheria kijana huona fahari kuwa "clerk" wa jaji. Na usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania ilipohesabu watu wake, waliongojewa mijini na vijijini waliitwa makarani wa sensa, hata ingawa walishika vishikwambi badala ya madaftari.

Imebaki habari moja, nayo ni yetu wenyewe. Tulisita kuileta hapa, lakini bila hiyo tungekuwa tumesema nusu.

Miaka mingi iliyopita, katika afisi tusiyokuwa na haja ya kuitaja, tulipewa kunakili orodha ya warithi wa watumishi waliofariki. Kazi ya kunakili, ile waliyoiita ya mkono. Ilikuwa saa ya kufunga. Jina la marehemu mmoja lilikuwa Hamisi. Sisi tukaandika Hamidi. Herufi moja tu. Mjane wake akaja mwezi wa kwanza, akaambiwa jina halipatani na cheti. Akaja mwezi wa pili. Alikuwa akituamkia vizuri, akitwita "mwanangu karani", akiketi kwenye benchi mpaka adhuhuri. Na sisi ndio tuliomjibu kila mara kwamba jina halimo! Mwezi wa tano alituambia ameuza cherehani. Mwezi wa saba tu ndipo tulipoifungua orodha ya kwanza kwa sababu ya mtu mwingine kabisa, tukaliona jina la mumewe na mwandiko wetu kando yake. Malipo yakatoka. Katika faili likaandikwa jambo hilo kwa maneno mawili ya Kiingereza, yenye maana ya kosa la karani, likafungwa. Maneno hayo katika Kiingereza ni maneno mepesi. Mtu huyasema ili kuonyesha kwamba hakuna ubaya uliotendeka. Cherehani haikurudi.

Tulipoiona habari ya aya ya shingo tulimkumbuka mama yule, na tulipoiona ya maji ya merikebu tulimkumbuka tena. Tungeitwaje siku ile ili herufi isikosewe? Ofisa Mwandishi Msaidizi? Tungekosea vile vile, na mama angekuwa na jina refu zaidi la kututajia pale dirishani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, pamoja na heshima zetu kwa ndugu aliyeileta hoja, sisi tutaipinga. Mahali pake twapendekeza ombi jingine lipelekwe: kwamba kila orodha ya malipo ya mirathi na ya kiinua mgongo isomwe na karani wa pili asiyekuwa yule aliyeinakili, neno kwa neno, naye atie sahihi yake chini ya ile ya kwanza, na kwamba kazi hiyo ya pili ihesabiwe katika saa za kazi na katika mshahara, isifanywe kwa hisani baada ya kengele. Twajua wakubwa watauliza watu wa kuifanya watatoka wapi. Waulize. Katibu wetu amekwisha kuandaa hesabu ya idadi inayotakiwa kwa kila afisi, nayo iko mezani kwa mtu yeyote atakaye kuitazama kabla ya kutoa shauri.

Mjadala sasa ni wenu. Wenye kutaka kusema wainue mikono kwa zamu. Vikaratasi vya kura viko kwa Karani wa Chama, pale karibu na mlango.